Namna ya kukadiria rangi za watoto ukichanganya aina tofauti za diskasi

Wadau wa akwariamu, kuna swali la samaki wa diskasi linarudi kila wiki: "Nina dume la Blue Diamond na jike la Pigeon Blood, watoto watatoka rangi gani?" Majibu nayo huwa yale yale ya kubahatisha, huyu anasema nusu kwa nusu, yule anasema watatoka weupe wote, mwingine anasema haiwezekani kujua mpaka wakue. Inawezekana kujua. Sio kwa kila kitu, ila kwa sehemu kubwa ya mambo yanayotutesa inawezekana kabisa, na ukishajua namna ya kufikiri unaokoa mwaka mzima, maana diskasi sio samaki wa kulea kwa majaribio, anakula vizuri, anataka maji ya nyuzi 28 hadi 30 na yabadilishwe mara kwa mara, na mpaka akomae ni kama mwaka hivi. Kulea vifaranga mia mpaka mwisho ndo ugundue hata mmoja uliyemtaka hayupo, hiyo inauma.

Kitu kimoja nataka kikae kichwani kabla ya hatua zenyewe: hautabiri kwa kuangalia rangi ya wazazi, unatabiri kwa kujua wazazi wamebeba jeni gani. Samaki wawili wanaofanana kabisa kwa macho wanaweza kukupa watoto tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Sahau jina la dukani, andika unachokiona

Majina ya diskasi ni ya biashara. Red Melon, Marlboro, Checkerboard, Red Map, White Diamond, kila mfugaji anaweka jina lake na kesho linakuja lingine. Ukitaka kukadiria, mvunje samaki wako vipande vipande, sifa moja moja.

Anza na mistari. Diskasi wa porini kule bonde la Amazon ana mistari tisa ya kusimama, inatoka juu inashuka chini, ule wa kwanza unapita kwenye jicho. Heckel, aina ya diskasi wa porini wa Rio Negro, mstari wake wa tano, wa katikati, ni mnene mweusi unauona ukiwa mlangoni. Sasa angalia samaki wako akishtuka: mistari inatokea au haitokei? Kama haitokei kabisa na mwilini kuna vidoti vyeusi vidogovidogo vimemwagika hasa mgongoni na kwenye mapezi, hapo unaongea na damu ya Pigeon Blood, hata kama dukani waliandika jina lingine. Kama mistari ipo ila myembamba na imezidi tisa, inakaribia kumi na nne hivi, na michoro ya mwilini ni laini sana imesukwa kama wavu, huyo ni Snakeskin. Kama macho ni mekundu au ya pinki na weusi haupo popote, huyo ni albino. Alafu angalia michoro: ina mistari ya bluu, ina madoa, au mwili ni rangi moja bila mchoro wowote.

Yaandike hayo yote kwenye daftari. Usiandike "Red Melon dume". Andika "msingi wa Pigeon, hana mchoro, nyekundu, macho mekundu kwa kuzaliwa sio albino". Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa sababu diskasi wengi wazuri wana macho mekundu na kiini cha jicho cheusi, ualbino unauona kwenye kiini chenyewe.

Hatua ya 2: Tenganisha sifa za jeni moja na sifa za jeni nyingi

Hapa ndo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila samaki ana nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba moja kwa mama, na yeye anampa mtoto nakala moja tu kwa bahati nasibu. Jeni inayotawala inaonekana hata ikiwa nakala moja. Jeni iliyojificha haionekani mpaka zikutane mbili. Ni kama vile baba na mama wasio na ualbino wanavyoweza kupata mtoto mwenye ualbino, kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja kimya kimya.

Kwa diskasi, zile unazoweza kuzipigia hesabu ni hizi.

Pigeon Blood inatawala. Ilitokea Thailand na ikajulikana duniani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia mfugaji wa Bangkok, Kitti Phanaitthi, na tangu hapo imeingia karibu kila kona, ndo maana diskasi wengi wekundu, weupe na wa njano unaowaona leo wana msingi huo. Nakala moja inatosha mtoto asioneshe mistari.

Snakeskin nayo inatawala, mtoto akipata nakala moja ile mistari mingi na michoro laini inaonekana, ingawa ubora unatofautiana sana.

Albino imejificha. Lazima nakala mbili.

Mwili wa rangi moja wa Blue Diamond wafugaji wengi wanauchukulia kama umejificha, na mimi pia nashauri uupigie hesabu hivyo, ila ujue watoto wenye nakala moja mara nyingi wanakuwa na bluu nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo mpaka wake hauko mkali kama wa albino.

Sasa kundi la pili. Wekundu umekolea kiasi gani, bluu imefunika mwili asilimia ngapi, madoa ni mangapi na makubwa kiasi gani, umbo la duara, mapezi marefu: hizi ni jeni nyingi zinafanya kazi pamoja na huwezi kuzichorea kisanduku cha hesabu cha hatua ya 4. Turquoise (diskasi mwenye michoro ya bluu) aliyefunikwa bluu hakutokea kwa bahati siku moja, watu kama Jack Wattley wa Marekani walikaa miaka na miaka wanachagua watoto bora kila uzao. Kwa sifa za namna hii makadirio ni mepesi: watoto wengi watakuwa katikati ya wazazi, wachache watapita juu, wachache chini, na ukitaka kusonga mbele unachagua wale wa juu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "watakuwa wekundu kiasi gani?", hilo ni swali la kundi la pili, na akiuliza "watakuwa na mistari au hawatakuwa nayo?", hilo ni la kundi la kwanza. Usiyachanganye.

Hatua ya 3: Tafuta historia ya wazazi

Muulize aliyekuuzia wazazi wa samaki wako walikuwa nani, na ndugu zake wa mzao ule ule walitoka vipi. Hilo la ndugu watu hawaulizi na ndo lenye habari nyingi zaidi. Kama Pigeon Blood wako alikuwa na ndugu wenye mistari ya kawaida, basi hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa na nakala mbili. Kama ndugu yake mmoja tu alikuwa albino, basi wazazi wote wawili wamebeba, na kila ndugu asiye albino ana nafasi mbili kati ya tatu ya kubeba naye.

Kama muuzaji hajui kitu, sio mwisho wa dunia, kuna hatua ya 5.

Hatua ya 4: Chora kisanduku

Chukua karatasi, chora kisanduku chenye vyumba: juu andika nakala anazoweza kutoa baba, pembeni za mama, na kila chumba ni mtoto mmoja anayewezekana. Herufi kubwa kwa inayotawala, ndogo kwa iliyojificha. Pigeon Blood tuiite P, kutokuwa nayo p.

Tuanze na rahisi, Pigeon Blood mwenye nakala moja (Pp) na Red Turquoise (pp). Pigeon anatoa P nusu ya wakati na p nusu, Turquoise anatoa p tu. Watoto nusu Pigeon, nusu wenye mistari ya kawaida. Kama Pigeon alikuwa na nakala mbili (PP), watoto wote ni Pigeon, hakuna hata mmoja wa kawaida. Unaona, wazazi wanafanana kwa macho, matokeo mbingu na ardhi.

Pigeon Pp kwa Pigeon Pp: robo PP, nusu Pp, robo pp. Yaani kati ya vifaranga 60 tegemea kama 45 Pigeon na 15 wa kawaida. Wale 15 watu huwa wanashangaa "mbona nimezalisha Pigeon kwa Pigeon nikapata wenye mistari", wanadhani walidanganywa. Hawakudanganywa, hiyo ndo hesabu yenyewe.

Haya sasa swali la mwanzo, Blue Diamond na Pigeon Blood. Hapa jeni ni mbili. Mwili wenye mchoro tuuite B, rangi moja b. Blue Diamond ni pp bb. Tuseme Pigeon wako ni Pp BB, nakala moja ya Pigeon na hajabeba rangi moja.

Uzao wa kwanza: nusu ni Pp Bb, Pigeon wenye michoro, nusu ni pp Bb, wenye mistari na bluu nyingi aina ya turquoise. Blue Diamond halisi hakuna. Hapo watu wengi wanakata tamaa wanauza wote bei ya chini, wakati ndo kwanza mali imeingia ndani.

Ukichukua Pigeon wawili wa uzao huo (Pp Bb kwa Pp Bb), vifaranga 64 wanagawanyika hivi: 36 Pigeon wenye michoro, 12 Pigeon wa rangi moja bila mchoro, 12 aina ya turquoise, na 4 Blue Diamond. Wale 12 wa rangi moja kwenye msingi wa Pigeon ndo wanaelekea kwenye weupe safi ambao watu wanautafuta.

Lakini mimi nisingepita njia hiyo. Mrudishe Pigeon wa uzao wa kwanza (Pp Bb) kwa Blue Diamond (pp bb). Sasa inakuwa robo robo: kati ya vifaranga 64 unapata 16 Pigeon wenye michoro, 16 Pigeon wa rangi moja, 16 turquoise, 16 Blue Diamond. Umepata 16 wa unachotaka badala ya 12, na Blue Diamond 16 badala ya 4, na hao Blue Diamond wanauzika. Chora kisanduku cha kila njia kabla hujaamua nani anakaa na nani, dakika kumi za karatasi zinakupa jibu ambalo tangi lingekupa baada ya mwaka.

Albino yeye ana tabia yake, anafunika wenzake. Mistari ni weusi, vidoti vya Pigeon ni weusi, sasa albino hana weusi, kwa hiyo ukimwangalia ni vigumu kujua kama ndani ana Pigeon au hana. Ukizalisha wawili ambao wote ni Pp na wote wamebeba albino, kwenye hesabu ya 16 unapata 9 Pigeon, 3 wa kawaida na 4 albino, na wale 4 wamechanganyika, watatu wana Pigeon ndani na mmoja hana. Ndo maana ukimtumia albino kuzalisha usimwamini kwa sura, uliza historia yake au mjaribu.

Snakeskin kwa Pigeon, kila mmoja nakala moja: robo wa kawaida, robo Pigeon, robo Snakeskin, robo wana vyote viwili, na hao wa mwisho wanakuwa na michoro laini ya wavu juu ya msingi mwepesi wa Pigeon, samaki mzuri sana akitoka vizuri. Na ukiweka Snakeskin kwa diskasi wa madoa mengi, ile michoro laini inavunja madoa yanakuwa madogo na mengi zaidi, huko ndo wanakotoka Leopard Snakeskin. Ila idadi ya madoa ni kundi la pili, usiipigie hesabu ya robo.

Hatua ya 5: Mjaribu mzazi usiyemjua

Una Pigeon hujui ni PP au Pp? Mzalishe na samaki wa kawaida mwenye mistari. Akitoka kifaranga mmoja tu mwenye mistari, kesi imeisha, ni Pp. Wasipotoka, angalia idadi: kama vifaranga 10 wote ni Pigeon, uwezekano wa Pp kukudanganya hivyo ni 1 kwa 1024. Wakifika 20 wote Pigeon, mwite PP ulale usingizi.

Kwa jeni iliyojificha mzalishe na yule anayeionesha. Unashuku dume lako limebeba albino, mpe jike albino. Akiwa amebeba, nusu ya watoto watakuwa albino. Usimpe mwingine unayemshuku tu, maana hapo ni robo na hata hao wanategemea wote wawili wawe wamebeba, utahitaji vifaranga wengi zaidi na bado utabaki na wasiwasi.

Na usiogope hesabu isipotoka sawasawa. Ukitegemea nusu ya vifaranga 60, popote kati ya 22 na 38 ni kawaida kabisa. Ukitegemea robo ya 60, kati ya 8 na 22 ni kawaida. Ukipata 3 tu mahali pa 15, hapo ndo urudi kwenye karatasi uangalie kama ulichodhania kuhusu wazazi ni kweli, au kuna vifaranga wa aina fulani wamekufa mapema.

Hatua ya 6: Hesabu kabla hujachambua

Hili naliombea kwa moyo wote. Watu wanatoa vilema na wadogo wiki za mwanzo, alafu mwezi wa tatu wanahesabu waliobaki na kusema "robo tatu walitoka Pigeon". Hiyo sio hesabu tena. Hesabu mapema, andika, ndo uchambue.

Na kuna mtego mmoja wa Pigeon lazima uujue. Diskasi akilea mwili wake unakuwa mweusi na vifaranga wanaufuata huo weusi ili wale ute wa ngozi ya wazazi, hicho ndo chakula chao cha kwanza. Mayai yanaanguliwa kama siku mbili na nusu hivi, baada ya siku mbili tatu nyingine wanaanza kuogelea, na hapo wasipompata mzazi wanakufa. Sasa Pigeon Blood mwili wake haukolei weusi kama wengine, vifaranga wanahangaika, wengine wanaenda kung'ang'ania bomba la filta au hita kwa sababu ndo kitu cheusi wanachokiona. Tenki la kuzalishia Pigeon liwe na pande na chini ya rangi nyepesi, punguza vitu vyeusi ndani, shusha maji kidogo ili wawe karibu na wazazi. Ukimweka Pigeon na mwenzake mwenye rangi nzito, vifaranga watamkimbilia yule mzito, mwangalie asiishiwe ngozi peke yake. Ukipoteza nusu ya mzao hapa, makadirio yako yote yanayumba.

Kuhusu lini usome rangi: msingi wa Pigeon unaonekana mapema, wiki chache tu, wenzao wanaonesha mistari wao hawaoneshi. Snakeskin subiri wakue kidogo mistari ihesabike. Bluu na wekundu wa kweli anza kuuamini kuanzia sentimita 6 na kuendelea, na bado utaongezeka mpaka wakomae. Anayetoa hukumu ya wekundu kwenye kifaranga cha sentimita 3 anatupa samaki wazuri.

Hatua ya 7: Ondoa rangi ya uongo

Wekundu na njano wa samaki unatokana sana na chakula. Ukisaga moyo wa ng'ombe ukachanganya na paprika, karoti na kamba, samaki anakolea, ukimpa moyo mtupu miezi miwili anapauka, na jeni ni zile zile. Kwa hiyo ukilinganisha vifaranga wa pea mbili, lisha chakula kimoja, taa moja, rangi ya nyuma ya tenki moja. Na ukiona vifaranga wadogo wa sentimita 5 dukani wamekolea rangi kama wazee, kaa nao mbali kama wazazi wa kuzalisha, kuna wanaopewa homoni ili wauzike haraka, ile rangi inaondoka na wakati mwingine uzazi unaathirika kabisa. Mzazi uliyemnunua mpe miezi kadhaa kwenye maji yako na chakula chako ndo uandike rangi yake kwenye daftari.

Hatua ya 8: Amua usichanganye nini

Kuchanganya kila kitu na kila kitu sio kuzalisha. Pigeon inatawala, ikishaingia kwenye mstari wa turquoise safi ni rahisi kuiona na kuitoa kwa kuwachagua wenye mistari tu, sawa, lakini iliyojificha ikiingia haitoki kwa macho, unaibeba vizazi bila kujua. Na kama umebahatika kupata diskasi wa porini, Heckel au green wa madoa mekundu, usimchanganye na aina za kufugwa, mtafutie mwenzake wa eneo lake. Damu ile ikishachanganywa hakuna hesabu inayoirudisha.

Mwisho, unapouza watoto wa uzao wa kwanza mpe mnunuzi karatasi yenye wazazi, sifa zao na idadi ya ndugu wa kila aina. Kama ni ndugu wa albino mwandikie "nafasi mbili kati ya tatu amebeba". Kama ni mtoto wa Blue Diamond mwandikie "amebeba rangi moja", maana huyo amebeba kwa uhakika, hata kama mwili wake una michoro kibao.